Hekalu la Mwanamke Aliyeachwa

Jumapili, Barking, mashariki ya London. Mawingu yameshuka mpaka juu ya mapaa, nyumba ina giza tangu asubuhi. Na moyo wangu vivyo hivyo.

Mjukuu wangu Rehema alikuja jana na begi. Hajasema kwa nini. Nikimuuliza ananijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Sawa gani, na pete haipo kidoleni?

Shule sikwenda, lakini simu hii nikisema inaandika. Basi nasema.

Mwezi uliopita mume wa Rehema, Hamisi, alitupeleka Japani. Anafanya kazi uwanja wa ndege, hupata tiketi za bei nafuu. Kijana wa watu alinibebea mkoba, hata kamba za viatu akanifungia. Tulifikia kwa rafiki yake, Bi Keiko, mama aliyeishi Moshi miaka mingi. Kiswahili chake kinashinda cha wajukuu zangu.

Akatupeleka kwenye hekalu la Kishinto, dini yao ya jadi, dogo, la zamani sana, kando ya mto. Mchana kweupe, lakini chini ya miti ile baridi iliniingia mifupani. Wale wawili walipokwenda kununua chai, Bi Keiko akanisimulia. Zamani mwanamke aliachwa na mumewe. Akaingia mtoni, akakaa majini siku nyingi akiomba awe jini, mpaka akawa. Hekalu ni lake.

"Bibi, wenye ndoa hawapiti hapa pamoja," akasema. "Huwaonea wivu, akawatenganisha. Tuwazungushe kwa nyuma."

Nilisikia vizuri. Nikamwomba akaniletee maji.

Wakarudi na vikombe vyao, wanacheka. Nikawaita. "Njooni nyie, simameni hapa mlangoni niwapige picha. Sogea, Hamisi, kwani mkeo anauma?"

Nilijua.

Hamisi hana kosa. Alimhamishia Rehema huko Hayes tu, upande wa pili wa London, nami nikabaki na televisheni. Nilitaka mtoto wangu arudi.

Amerudi.

Mimi Mwislamu, jini wa mto wa watu simwabudu. Lakini saa nzima sasa Rehema yumo bafuni, ndani ya maji, kimya. Nimegonga. Akasema, "Bibi, niache." Kwa Kiswahili.

Nimekaa chini, mlangoni mwa bafu. Hamisi nampigia, inaita tu. Nitapiga mpaka apokee. Akija nitawakalisha kwenye kochi langu, niwaambie nilichowafanyia.

Wakinichukia, wanichukie wakiwa pamoja.