Akikanyaga Kibanja

Muleba, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Derick,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Vipi afya, na vipi hayo mafunzo yako ya kompyuta huko mjini? Sisi hatujambo kidogo tu, nakuambia mapema usije ukasoma unatabasamu.

Jana baba mdogo Kahangwa aliingia kibanjani kwetu amelewa, akaanza kufyeka migomba ya Tata, marehemu baba yetu, akidai ardhi ni ya ukoo na sisi ni wageni. Mama yetu, Mawe, alipomzuia, alimpiga mdomoni kwa bapa la panga. Meno yametoka. Mimi nilikuwa napiga simu kuita watu. Akaninyang'anya, akaipasua kwenye jiwe. Ndugu yetu Datius aliporudi kutoka sokoni alimkuta Mawe anatema damu kwenye beseni. Alichukua muhoro, ule wa kupogolea migomba, akakaa anaunoa. Nikamwambia aende kwa mwenyekiti wa kijiji. Akajibu, "Nangoja musika aseme."

Musika ni wewe, mrithi wa baba. Ukoo ulikukalisha kwenye kiti cha Tata siku ya kuondoa matanga. Mimi ni mkubwa wenu, lakini ni mwanamke, na neno langu kwa Datius ni upepo. Sema neno la busara. Barua nimempa Saburi dereva wa basi. Simu za majirani sizitaki, wote wanakunywa na Kahangwa.

Dada yako,
Annastella

Nshambya, Bukoba, 7 Machi

Dada Annastella,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mawe. Mimi mzima wa mwili, ila moyo unawaka.

Kompyuta umeiuliza, basi sikia. Mwalimu wetu Nancy ametunyang'anya hata mausi. Kuna kioo cheusi tu: unaandika amri, unabonyeza Enter, imekwisha. Mashine haikuulizi kwa nini. Wiki hii ametufundisha kuacha amri inayongoja: likitokea jambo hili, fanya vile. Wewe unaenda zako, yenyewe inakesha. Sijawahi kupenda somo kama hilo. Laiti na watu wangekuwa hivyo!

Basi mimi musika nasema, na umsomee Datius kama nilivyoandika: Kahangwa akikanyaga tena kibanja cha Tata, mkate. Mbele ya ukoo nitajibu mimi.

Mdogo wako,
Derick

Muleba, 11 Machi

Mdogo wangu,

Mawe anakusalimu, anakunywa uji kwa mrija. Afya yangu usiiulize.

Nilitaka kuuruka ule mstari wako, lakini Datius alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. Akaichukua barua, akaitia mfukoni mwa shati. Sasa anashinda kwenye migomba. Jana mbuzi wa jirani alitikisa majani tu, akaondolewa kichwa.

Derick, wewe hasira zako zitapoa huko huko Bukoba ukicheza na vioo vyako. Za Datius umeshazipa kazi. Futa neno lako kwa mwandiko wako, maana wangu hausikii.

Dada yako,
Annastella

Nshambya, 15 Machi, asubuhi

Dada,

Shikamoo. Nimeipata barua yako sasa hivi, na nimeogopa.

Jana niliacha amri kwenye mashine ya Nancy: faili lolote jipya likiingia hapa, lifute. Nilitaka kuzuia takataka. Nancy hakujua, akahifadhi humo kazi za darasa zima. Zikafutika zote, na huko hakuna pipa la kwenda kuziokota. Nikamwambia, "Mwalimu, nilimaanisha takataka." Akanitazama. "Ulimaanisha. Uliandika nini?"

Datius, ni mimi Derick musika. Amri ile nimeifuta. Usimguse Kahangwa, tutamshtaki. Dada, nimempigia mwenyekiti wa kijiji, hapatikani. Saburi anaondoka na barua hii sasa hivi.

Mdogo wako,
Derick

Muleba, 18 Machi

Derick,

Salamu sina. Najua habari zimekufikia kwa midomo ya watu, na hata mazishini hukuja. Basi soma yangu mimi niliyeona.

Ijumaa ile ya tarehe 15, mchana, Kahangwa alikuja. Hakuwa na panga. Alibeba kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mkewe Jovitha nyuma na mkungu wa ndizi, kama wanavyofanya watu wetu wakija kuomba radhi. Tangu barabarani alikuwa anaita, "Waitu, ndugu zangu, nisameheni, pombe ilinituma." Mawe alishasimama kumpokea. Kahangwa akakanyaga kibanja, na Datius akatokea kwenye migomba. Nikapiga kelele, "Amekuja kwa heri!" Datius akanijibu taratibu kabisa, "Musika hakusema akija vipi."

Alimkata shingoni. Alipoanguka akamkata tena. Rubisi yote ilimwagika juu yake, na Jovitha akawa anaziba damu kwa kanga huku akimwita jina kama mtu aliyelala.

Saburi alileta barua yako jioni, Datius ameshachukuliwa. Jana nilimfuata mahabusu, nikamsomea yote, pamoja na hiyo ya kufuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakukulaumu. Aliniuliza tu, "Sasa musika anasema nifanye nini?"

Njoo umjibu mwenyewe.

Dada yako,
Annastella