Barua ya Kuniombea Ruhusa

Jumatano, katikati ya Machi. Theluji imeanza kuyeyuka na mtaa wetu wa Weston, hapa Toronto, wote ni tope la kijivu. Mto Humber umejaa, nausikia hadi huku ghorofani. Nimerudi kutoka kazini, nimevua buti mlangoni, na hata chai sijabandika. Leo nina aibu, na nataka kuiandika kabla sijaanza kujitetea.

Niseme wazi: mwezi wa tano nilikuwa niende Italia.

Siku saba, mimi na Wanjiru. Wanjiru ni rafiki yangu Mkenya anayekaa mtaa wa Crescent Town, tulikutana kwenye kwaya ya Kiswahili. Kazi yake ni ya kompyuta na hawezi kupanga jambo bila jedwali, kwa hiyo safari yetu ina jedwali: rangi ya bluu kwa siku za bahari, kahawia kwa siku za magofu. Tungefikia Salerno, mji wa pwani, kwenye chumba chenye kibaraza. Asubuhi tunaogelea, kisha tunapanda treni kwenda Pompei. Kesho yake mahekalu ya kale ya Wagiriki huko Paestum. Nimesoma habari za mahekalu hayo tangu Krismasi. Najua siku wanazofunga, najua kivuli kinapatikana upande gani, najua nitavaa viatu vipi.

Na kuna kaburi nililokuwa na hamu nalo kuliko vyote. Limewekwa kwenye makumbusho ya Paestum. Upande wa ndani wa mfuniko wake wamechora mtu anaruka kichwa chini kwenye maji. Nimeitazama picha hiyo kwenye simu sijui mara ngapi. Mtu alichora bahari mahali ambapo hakuna aliye hai ambaye angeiona, ili marehemu wake awe nayo.

Kaburi la baba yangu mwenyewe sijawahi kuliona.

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Wakati huo karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka, na ningetoka Kanada nisingeruhusiwa kurudi. Nilimzika kwa simu. Mdogo wangu Elia aliinyanyua simu yake juu ya watu, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, kwa sehemu kubwa niliona miamvuli.

Kwetu Upare kaburi halijengewi siku hiyo hiyo. Linaachwa kwanza udongo ushuke. Likija kujengewa kwa saruji, nyumbani kwetu watoto wote wanakuwepo, na mzaliwa wa kwanza ndiye anayesimika msalaba. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Kwa hiyo mama amesubiri. Mpaka leo baba yuko chini ya tuta la udongo lenye msalaba wa mbao, na kila Pasaka mama anapitishia jina lake pale msalabani rangi iliyobaki tulipopaka mlango.

Karatasi zangu zilitoka mwaka juzi.

Tangu hapo nimekuwa nikimwambia mama kwamba kazini hawanipi likizo. Nilisema mara ya kwanza kwa kupitiwa tu, kisha nikaona inafanya kazi, nikaendelea. Huku natoa watu damu kwenye maabara ya hospitali. Mama anajua ni kazi nyeti, kwa hiyo aliamini. Ukweli ni kwamba naogopa. Nisipoliona lile tuta, baba bado yuko barazani na redio yake sikioni, analalamika betri zimeisha. Nikiliona, basi. Nilitaka kwenda kutembea kwenye magofu ya watu ambao hawanidai hata chozi. Nilitaka kulala ufukweni bila kuulizwa mbona nimekonda.

Najua. Hata nikiiandika naona haya.

Sasa ya leo. Asubuhi, wakati wa mapumziko, Elia amenitumia picha kwenye simu. Nilidhani ni ya mahindi ya shambani kwake, kama kawaida yake. Ilikuwa barua. Mama alikwenda kwa mchungaji, na mchungaji na wazee wa usharika wakakaa kikao, wakaandika barua kwa mwajiri wangu. Imepigwa chapa, ina sahihi tatu na muhuri wa usharika wa rangi ya zambarau, ule ule unaopigwa kwenye vyeti vya ubatizo. Nainakili hapa kidogo ili nisije nikajifanya nimeisahau.

"Kwa Mkuu wa Kazi, Toronto, Kanada. YAH: KUMWOMBEA RUHUSA BINTI YETU REHEMA. Tunakusalimu katika jina la Bwana. Tunafahamu kuwa kazi ya kutoa watu damu haiwezi kuachwa hovyo, na tunakushukuru kwa kumtunza binti yetu. Tunakuomba kwa unyenyekevu umruhusu kwa siku saba tu, aje asimike msalaba wa baba yake, kisha tutamrudisha kazini mara moja. Marehemu baba yake hakuwahi kuchelewa kazini."

Sentensi ya mwisho ni ya mama. Hakuna mzee wa usharika ambaye angeifikiria.

Chini yake Elia ameandika: "Dada, mama anauliza anwani ya bosi wako. Anataka kuipeleka posta mwenyewe."

Siku saba tu. Zile zile saba.

Nililia kwenye chumba cha kuhifadhia mirija ya damu. Halafu nikanawa uso nikaenda kwa Lorraine, msimamizi wangu. Huyu ndiye "Mkuu wa Kazi". Mwezi uliopita aliniandikia barua ya kuthibitisha likizo yangu ili nipate viza ya Italia. Aliandika wakati anakula tufaha, na viza ikatoka. Leo nimemuuliza kama naweza kutumia siku zile zile kwenda kwingine. Ameniangalia kana kwamba sijui Kiingereza. Amesema siku ni zangu, niende ninakotaka, hata nikikaa nyumbani nilale. Haikumaliza dakika mbili.

Mwaka mzima na zaidi mama anaombea dakika mbili.

Kisha Wanjiru. Nilimwandikia kila kitu, uwongo wangu wote, nikamtumia na ile barua. Saa ya chakula akanitumia ujumbe wa sauti: "Rehe, enda nyumbani. Hizo nguzo zimesimama hapo miaka elfu mbili na ushee, zitatungoja. Lakini nimekasirika, usidhani sijakasirika. Ungeniambia mapema. Aki hata jedwali nimeshaprint." Ana haki. Yeye naye nilimficha, na alikuwa ameshanunua kofia ya jua.

Halafu nikampigia mama. Kule ilikuwa jioni, nilisikia anasukuma kuni. Nilikuwa nimejipanga kabisa. Nilitaka kusema: mama, likizo ninayo, nimekuwa nayo muda wote, nisamehe. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni.

Lakini yeye ndiye aliyeanza. "Mwanangu, umewaonyesha ile picha ya barua? Wamesemaje?"

Nikasema, "Wamekubali, mama."

Nikamsikia anamwita Elia, anamwita jirani, sauti yake imerudi ya zamani, ya kabla ya msiba. Wamekubali. Barua imefanya kazi. Alisema kesho atamfuata fundi, saruji ipimwe. Alisema ataacha kupaka jina, halina haja tena.

Nilifurahi. Hilo nalo ni la kweli na liandikwe. Nitakwenda, nitasimika ule msalaba. Na bado naitaka ile bahari ya Salerno, naitaka mpaka sasa nikiwa nimekaa hapa na soksi zimelowa.

Kabla ya kukata simu mama aliniomba jina la bosi wangu. Nikampa. Akalirudia polepole, Loreni, Loreni, na nikasikia anamwambia Elia aliandike.

Ni kwa ajili ya ibada, alisema. Jumapili hii usharika wote utasimama na kumwombea baraka Loreni, mama mwenye huruma wa Kanada, aliyeguswa na barua yao. Wazee watatu walioweka sahihi wataitwa mbele.

Leo ni Jumatano. Nina siku tatu kamili za kumpigia mama tena. Nitaanzia wapi?