Josiane Hayuko Houston: Maelezo ya Mzee Gracien Wilondja

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kwa Kiswahili katika kituo cha polisi, Dallas, Texas, tarehe 26 Agosti 2024, kuanzia saa tatu asubuhi.

Jina: Gracien Wilondja
Umri: miaka 74 kwa karatasi
Kazi: hana kwa sasa; zamani kiwanda cha kuku
Makazi: Vickery Meadow, Dallas
Uhusiano na anayetafutwa: baba mzazi

Mimi Gracien Wilondja nasema hivi. Karatasi zangu zinasema nimezaliwa tarehe moja Januari 1950. Hiyo ni siku tuliyogawiwa kambini, kambi nzima tulizaliwa siku moja. Mimi nina zaidi ya hapo. Nimeipita vita ya waasi wa Mulele huko kwetu nikiwa kijana, nimeipita ya tisini na sita na ya tisini na nane, nimevuka ziwa na watu kumi na mmoja na sikupoteza hata mmoja. Nimepita kipindupindu. Nimepita miaka kumi na saba ya kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Nimepita ile baridi ya hapa Texas iliyokata umeme, watu wenye magari mazuri wakawa wanachoma viti vyao wapate moto. Wakubwa zangu wote nimewazika, na wadogo zangu pia. Akili yangu ni nzima. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu mwanangu Omer ameshawapigia ninyi simu kwamba mzee amechanganyikiwa. Mzee hajachanganyikiwa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nilichokiona sisahau. Andika hivyo hivyo, afisa.

Anayetafutwa ni binti yangu Josiane, kitinda mimba wangu, miaka 34, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la kufunga mizigo. Mnamtafuta kati ya Dallas na Houston. Hayuko huko. Yuko Thailand, mkoani, katika mji mdogo unaoitwa Phrae, na mji huo sasa umo ndani ya maji.

Mnamo mwezi wa Machi mwaka huu Josiane alipata uraia, na baada yake pasipoti. Alikuja nayo kwangu Jumapili baada ya ibada, akaiweka mezani. Akaniambia, "Papa, nimekimbia mara tatu. Sijasafiri hata mara moja."

Nilimuuliza anataka kwenda wapi. Alisema anataka mahali padogo, pa kimya, pasipo na mtu wa kumjua wala wa kumwomba kitu, na pa bei ya mtu wa ghalani. Tangu siku hiyo kila Jumapili tulikaa jikoni kwangu kuipanga hiyo safari. Mimi ndiye niliyekuwa mshauri wake, hakuwa na mwingine. Hoteli alizikataa, akasema hoteli zote duniani zina harufu moja. Alitaka kulala kwa watu, ndani ya nyumba ya familia, unalipa kidogo na asubuhi unakula wanachokula. Nilimwambia kwetu mgeni wa nyumbani halipi, na binti haendi kulala kwa watu wasiojulikana bila mzee kwenda mbele. Alicheka. Akasema, "Papa, hii si posa. Ni kitanda na uji wa asubuhi."

Hata hivyo nilidai kumwona mwenye nyumba. Josiane alimpigia simu ya picha. Ni mama wa makamo, amechomeka kalamu kwenye nywele, anaitwa Malee. Yeye anasema kwa lugha yake, simu inageuza kuwa Kiswahili. Alituonyesha nyumba yote. Ni ya mbao, ya ghorofa, geti la buluu, chumba cha mgeni kiko juu na kina neti na feni. Nyuma kuna migomba, na nyuma ya migomba kuna mto unaoitwa Yom. Nilimuuliza swali ambalo kila mtu aliyewahi kukimbia huuliza: usiku mambo yakiharibika, mnakimbilia wapi? Yule mama alicheka, akasema mji wao ni wa kimya, hakuharibiki kitu. Lakini nyuma yake alikuwepo bibi kizee amekaa chini anachambua mboga, nadhani ni mama yake. Huyo hakucheka. Alisema alipokuwa msichana maji yalikuja, wakapanda kwenye hekalu lililo kilimani, nyuma ya shule. Wazee tunaelewana. Ndiyo maana naanza kuwaambia ninyi habari ya hekalu kabla ya habari ya nyumba. Watu wa nyumba hiyo wakikimbia, wamekimbilia hapo. Pigeni simu huko kwanza.

Sasa mtauliza kwa nini hakuna mwingine anayeijua safari hii. Kwetu safari haitangazwi. Ukiitangaza kabla hujafika na kurudi, midomo ya watu inaila. Vijana wanasema ni ushamba. Mimi nimeona. Mwaka tulioitwa usaili wa kuja Marekani, mke wangu Charlotte alifurahi, akanunua mabegi, akawaambia wanawake kwenye bomba la maji. Faili letu likalala miaka minne. Mke wangu naye akalala humo humo, katikati ya miaka hiyo, na mabegi yake yakiwa chini ya kitanda. Nilikuja Texas na mabegi hayo.

Kwa hiyo nilimpangia Josiane namna ya kuondoka. Watu wa kanisani hapa Dallas aliwaambia anakwenda Houston kwa kaka yake, atapanda basi. Kaka yake Omer, anayekaa Katy, huko Houston, alimwambia yuko Dallas, kazini wamemwongezea zamu, asimtafute sana. Josiane hakuupenda uongo huo. Alitaka Omer ajue. Nilimkatalia. Akasema, "Na nikipata shida huko, Papa?" Nikamwambia, "Utanipigia mimi. Mimi natosha."

Andika na hilo.

Mnamo tarehe 16 Agosti, siku ya Ijumaa, alikuja mchana akanipikia sombe, ile ninyi mnayoiita kisamvu, ya kutosha siku nyingi. Gari lake aliliacha penye maegesho ya fleti yake. Nilimsindikiza kwa miguu hadi stesheni ya Park Lane, akapanda treni ya uwanja wa ndege na begi moja la mgongoni. Aliniangalia akasema, "Papa, uso wako kama wa mtu anayesindikiza maiti." Nikamwambia apande, treni haimsubiri mchekeshaji.

Tarehe 18 nilipata ujumbe wake wa sauti kwamba amefika Bangkok. Tarehe 19 alipanda basi la kwenda Phrae, akafika jioni yao. Tarehe 20 alinitumia ujumbe mrefu. Alisema amelala usingizi ambao hajaulala tangu utoto. Alisema asubuhi alikwenda na Mama Malee sokoni kununua tambi za mchele, na watu wakamwangalia, wakatabasamu, basi. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi kwa ile sauti ya kumhurumia. Nilimsikia anatafuna huku anaongea. Sikumkemea.

Tarehe 21, Jumatano, ujumbe ulikuwa mfupi. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Papa, mvua haijakatika tangu jana. Mama Malee anapandisha mchele juu, ninamsaidia. Usianze." Maana yake nisianze kuwa na wasiwasi. Nilimjibu asisimame karibu na mto. Jibu langu halijapokelewa mpaka leo.

Mnaniuliza ujumbe huo uko wapi. Niliufuta, wote. Mimi sisomi vizuri, kwa hiyo simu yangu inashikwa na kila anayenisomea barua za bima na za daktari. Siri haikai kwenye simu ya namna hiyo. Kila nilipomaliza kusikiliza, nilifuta, kama tulivyopatana. Namba ya Mama Malee ilikuwa kwenye simu ya Josiane.

Siku ya Ijumaa tarehe 23 Omer alimpigia Bernadette, kiongozi wa kwaya yetu ya kina mama, kumuuliza kwa nini Josiane hapokei simu. Bernadette akamjibu, si yuko kwako Houston? Ndipo walipojua wote wawili wamedanganywa. Omer alitoka Katy saa ile ile. Akakuta fleti imefungwa na gari lipo. Ndipo akaja kwenu kuripoti.

Jumamosi tarehe 24 kanisa zima lilitoka kumtafuta. Tulishuka kwenye kijito nyuma ya fleti, tukapita mitaro ya kando ya barabara, kila mmoja na fimbo. Bernadette alikuwa akiita jina lake, mpaka sauti ikamkauka, na mwingine akapokea. Nami nilitembea nao. Nilipiga majani kwa fimbo, nikimtafuta mtu niliyejua hayupo.

Omer aliniuliza hapo kijitoni ni lini nilimwona mara ya mwisho. Nilimjibu Ijumaa ya juma lililopita, alikuja kupika sombe. Hilo lilikuwa kweli. Zaidi ya hapo sikusema. Mnaweza kunihukumu, lakini safari ilikuwa bado iko njiani. Tiketi yake ya kurudi ni ya tarehe 30. Nilihesabu kwamba simu imelowa, au umeme hakuna, na kwamba nikifungua mdomo mimi ndiye nitakayemmaliza. Nimekaa kimya mbele ya watu wenye bunduki, nikaokoa watu. Nilijua kukaa kimya. Hicho ndicho ninachokijua kuliko watu wote.

Jumapili tarehe 25 jioni nilishuka kwenye chumba cha mashine za kufulia. Nilimkuta jirani yangu wa kabila la Wakareni. Huyu ametoka Burma, aliishi kambini Thailand kama mimi nilivyoishi Tanzania, na habari za huko anazifuata kwenye simu. Nilisikia simu yake inasema Phrae. Nikamshika mkono. Alinionyesha. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, nyumba za mbao zimebaki mapaa, watu kwenye mitumbwi wanavuta kamba. Nilimuuliza kwa ishara maji yamefika wapi. Aliinua mkono juu ya kichwa chake, na yeye si mfupi.

Niliacha nguo kwenye mashine. Nilipanda kwangu, Omer alikuwepo na Bernadette, nikawaambia yote kama ninavyokuambia wewe. Omer alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Papa, Josiane anaogopa hata lifti. Thailand kwa nani?"

Nikasema kwa Mama Malee.

"Mama Malee yupi? Namba yake iko wapi?"

Nikasema sina. Akaomba kuusikia ujumbe. Nikasema nimeufuta. Bernadette akanishika mkono jinsi wanavyomshika mgonjwa. Omer akasema taratibu, na upole wake huo ndio ulioniumiza, "Nime-drive masaa manne, Papa, nimetafuta dada yangu kwenye mitaro siku mbili na wewe ukiwa pembeni yangu. Kama ungejua ungesema. Hakuna baba anayejua halafu akanyamaza. Pumzika."  Alisema kweli, hakuna baba wa hivyo.

Kabla ya kulala alificha viatu vyangu nisije nikatoka na kupotea. Leo alfajiri alipokuwa bado amelala kwenye kochi, nilitoka. Ndiyo maana nimekuja kituoni na kandambili.

Ninachotaka ni hiki. Waulizeni watu wa mpakani kama pasipoti ya Josiane Wilondja ilitoka nchini tarehe 16. Mashine zao zinajua, hizo sikuziapisha zitunze siri. Mkishaona, waondoeni wale polisi wanaomtafuta na mbwa wao kwenye haiwe 45, barabara ya Houston, watu wapigiwe simu huko Phrae leo, si kesho. Atambulike hivi: mrefu, mweusi, ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Kwenye mji ule sidhani kama wako wawili. Na huku mkiwaambia, waambieni kwamba hajui kuogelea. Ziwa tulivuka akiwa mgongoni kwangu, nikamwambia afumbe macho. Sikumfundisha.

Tangu nitoke kwetu Baraka sijaomba mtu kitu kwa kupiga magoti. Karani wenu wa mlangoni amenizuia nisipige. Mwambieni nilikuwa nimeshaanza.

Niliyoyasema ni yangu, nimeyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na sitayabadilisha akija Omer wala akija nani.

(Sahihi) GRACIEN WILONDJA

MAELEZO YA AFISA

Mimi, Afisa D. Nderitu, nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili, nikamsomea shahidi mara mbili. Alikataa kuweka dole gumba, akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa. Muda wote alijibu bila kusita, na tarehe alizotaja hazikupishana nilipomuuliza upya. Nimeomba rekodi za mpakani, bado hazijajibiwa. Mwanawe Omer amefika na viatu vya shahidi. Shahidi amevivaa, lakini amekataa kwenda nyumbani, na sasa wako wawili kwenye benchi.

Kama utaratibu unavyotaka, nilimuuliza ni nani anayeweza kuthibitisha aliyoyasema. Alimtaja mkewe, Charlotte, marehemu. Alimtaja Bi Malee wa Phrae, simu haijulikani. Nikadhani amemaliza, nikafunika kalamu. Akasema, "Na Josiane. Muulizeni Josiane."