Malimbuko ya Mahindi Makavu

Jumanne, 18 Februari 1997

Pa! Pa-pa! Mwaka mzima sauti hiyo haijanitoka: mahindi ya Mama yakilipuka motoni kama bisi. Msitu uliungua, moto ukaja kumalizia shamba letu lililo ukingoni, nyuma ya Kibera. Tulirudi nyumbani Gatina tukinukia bisi. Hatukuwa tumeonja hata moja.

Ni Februari tena. Mahindi yamekauka, yako tayari kuvunjwa — na hayavunjwi! Kanisani kwetu hakuna anayegusa mavuno kabla ya Jumapili ya Malimbuko, na Pasta Naftaly ameisogeza hadi Machi. Askofu mgeni ana safari. Moto haukuulizwa ratiba yake.

Alhamisi, 20 Februari

Majirani wameshabadilika. Zamani ilikuwa mahindi na maharagwe mpaka kwenye shina la mti. Sasa Mzee Kabiru amerudi nyuma, ameacha ukanda mtupu mpana kama barabara. Opondo analima viazi vitamu tu. Leo alimpigia Mama kelele akiwa shambani kwake: "Mama Jael! Bado unapanda kuni?" Moto ukija, ati, yeye atachimba viazi vikiwa vimeshaiva.

Mama akajibu kwamba moto wa mwaka jana ulikuwa jaribu. Na wa mwaka juzi? Jaribu. Inaonekana Mungu ana mtihani mmoja tu, anaurudia.

Jumamosi, 22 Februari

Moshi! Upande wa pili wa msitu. Nilimkimbilia pasta kanisani, kwaya ikiwa mazoezini, nikamwomba aturuhusu tuvune, tuhifadhi ndani, sadaka tutatoa siku ikifika. Akacheka. "Madam wa chuo, malimbuko hutoka shambani, si chini ya kitanda." Imani, akasema, haifundishwi university. Wamama wa kwaya wakaangua kicheko. Mama alicheka kuliko wote.

Mama huyohuyo! Mwaka jana tulikula kwa Opondo mpaka Agosti: viazi vyake, na masimango yake juu kama mboga.

Jumatatu, 24 Februari

Nimeyavunja. Yote.

Mama alikuwa kwenye maombi ya kufunga. Nilitoa hindi, ganda nikaliacha kwenye bua, nikalifumba vizuri. Ukisimama mbali utasema shamba limejaa. Opondo alinisaidia kubeba magunia hadi kwake. Alikohoa tu, kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

Halafu moto ukazimika! Kwaya nzima inajipongeza. Mama amerudi akiimba, amefua kitenge chake cha Jumapili. Kesho asubuhi pasta anakuja shambani kuona baraka kwa macho yake, na Mama anataka tumchagulie askofu hindi kubwa kuliko yote. Ameniuliza tubebe kikapu kipi.

Nimemwambia kile kikubwa. Tangu hapo nimekaa dirishani, natamani upepo uvume.