Bendera ya Mzee Habiyaremye

Gatsata, Kigali
14 Julai 1992

Ndugu yangu Kamanzi,

Pokea salamu zetu sote wa huku mlimani. Mama Mugeni hajambo? Na Mugeni mwenyewe? Joto la Bujumbura mmelizoea? Sisi wazima, ila vumbi la kiangazi, na mke wangu Athanasie analalamikia mgongo kama kawaida yake. Kule gereji, fundi aliyeshika nafasi yako anafungua injini vizuri sana. Kuifunga ndiyo shida. Mimi nashona viti vya magari ambayo hayatembei.

Barua yako imefika. Nimefurahi kusikia Mugeni amepata mchumba, na nimesoma mara tatu pale unaponiomba niwe msemaji wenu siku ya gusaba, wakwe watakapokuja kumwomba. Nimesoma pia unaposema nafasi hiyo ilikuwa ya baba mkwe wangu, Mzee Habiyaremye, kwa kuwa ndiye aliyempa Mugeni jina, lakini tangu alipotundika bendera ile hutaki kumwona hata kwa mbali.

Sikulaumu. Baba yako alikufa mwaka wa hamsini na tisa nyumba yenu ikiteketea, na walioichoma walikuwa wafuasi wa chama chenye bendera hiyo. Kwa Mzee, bendera hiyo hiyo ni siku alipoacha kuchapwa viboko kwenye kazi za lazima, akapata shamba lake. Mlibishana miaka na miaka mkinywa pombe yenu ya ndizi, mimi nikiwatazama na chai yangu, kisha mkaagana mkicheka. Lakini wakati huo bendera ilikuwa sandukuni. Kupepea juu ya bati la nyumba yetu, mbele ya mlango wako, ni jambo jingine kabisa.

Sasa nisikilize, na usiichane barua kabla hujamaliza.

Unakumbuka wiki ile ya Februari, vijana wa chama hicho kilichofufuka walipokuwa wakipita na filimbi, wakivunja madirisha ya kila nyumba isiyo na bendera. Siku ya Jumapili Mzee alikwenda misa na Athanasie. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa imeshavunjwa. Nilifungua sanduku lake, nikapanda juu ya bati, nikaitundika kwa mikono yangu. Nilijua ina maana gani kwako. Niliogopa, Kamanzi, nikajiambia utaelewa.

Jioni ulipokuja kuuliza ni ya nani, Mzee alikuwa ameketi pale pale. Nikakujibu haraka kwamba wazee wana mambo yao. Alinitazama, kisha akakuambia kwa Kiswahili chake, “Bendera iko yangu.” Hakusema uongo. Uongo ulikuwa wangu, naye akaubeba. Baadaye aliniambia mimi na wewe tuna kazi ya pamoja na watoto wanaocheza pamoja, na yeye mzee hana kikubwa cha kupoteza. Mwezi uliofuata mkahama, nami nikakusaidia kufunga mizigo huku nikimsema vibaya.

Kumbe alikuwa na cha kupoteza. Tangu Mugeni akiwa shule ya msingi anaandaa maneno ya siku hiyo. Nilipomsomea barua yako niliruka mistari inayomhusu, na kwa siku tano nimemtazama akimzoeza Athanasie kuwa upande wa wakwe, akimkatalia ng'ombe wa mahari mmoja mmoja. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Leo asubuhi nimemsomea barua yote. Aliniambia niende nikaseme mimi, nisimharibie mtoto siku yake.

Siendi. Sina mdomo wa kumsemea mtoto wa mtu niliyemdanganya. Mwite Mzee, au kiache kiti hicho kitupu. Na ukimwita, usitegemee ataikana bendera yake. Hilo bishaneni wenyewe, kama zamani. Mimi nimekosa haki ya kukaa katikati yenu.

Athanasie anawasalimu sana, na anasema sasa amejua kwa nini nilikuwa silali. Mbusu Mugeni kwa niaba yetu. Jibu ukitaka, lakini jina la juu ya bahasha liwe la Mzee, si langu.

Aliyekuwa rafiki yako,
Twahiru