Arroba Kumi na Mbili

Alhamisi, 4 Julai 2019

Leo tumevuliwa nguo hadharani. Dokta Gildardo (si daktari wa kitu chochote, ila hapa kwetu milimani Manizales mwenye tai na ofisi ni Dokta) ametuita sote wanne wa kitengo cha ubunifu, akatuambia tatizo letu la kukausha kahawa linawekwa mtandaoni. Mtu yeyote, popote alipo, atume wazo lake. Atakayeshinda atakuja kulijenga hapa hapa karakanani kwetu, kwa vyuma vyetu, na mashine itabeba jina lake.

Miaka sita nimehangaika na mashine hiyo! Namba Saba, jaribio langu la saba, imesimama pale pembeni. Inakausha vizuri, ila kahawa inatoka na harufu ya moshi. Kidogo tu — lakini waonjaji wa chama cha ushirika wanaisikia. Na ushirika unataka mashine kabla ya mavuno makuu ya Septemba, maana mvua haimpi mkulima mdogo nafasi ya kuanika.

Nikauliza, kwa hiyo sisi tumeshindwa? Dokta akasema hapana, Injinia, ni kwamba huko nje kuna vichwa vingi kuliko vinne. Alisema kwa upole. Bora angenifokea.

Wbeimar, fundi wangu wa miaka yote, akaninong'oneza kwamba tumepelekwa mnadani. Nilicheka. 

Tatizo lielezwe kwenye ukurasa mmoja, na wa kuuandika ni mimi. Niandike tangazo la kumtafuta atakayenipindua!


Ijumaa, 5 Julai

Ukurasa tayari. "Mashine ya kukausha arroba kumi na mbili za kahawa kwa siku mbili, bila jua, bila moshi, iingie kwenye chumba kimoja cha shamba dogo." Na maelezo mengine, uzito wote kwa arroba kama tulivyozoea. Dokta kausoma mara moja, akasema safi. Saa nne ulikuwa umeshapanda mtandaoni.


Jumatatu, 15 Julai

Mapendekezo arobaini na moja. Nimeyasoma yote, mengine nikicheka peke yangu. Mmoja anataka tupange mashine kumi na sita za kukaushia nywele. Profesa wa Chile katuma kurasa tisini, na kahawa haitajwi mpaka ukurasa wa sabini.

Halafu namba thelathini na tatu. Nafer Buelvas, fundi wa friji, El Carmen de Bolívar, huko pwani kwenye joto. Mistari kumi na picha moja: friji kuukuu iliyong'olewa mlango, imeunganishwa na kabati la trei za oregano, yale majani ya kiungo. Anasema friji inapopoza hewa, maji yanajitenga na kudondoka. Ile hewa kavu unaipitisha kwenye joto la kompresa yenyewe, unairudisha kwenye trei. Inazunguka tu. Moto hakuna. Moshi utoke wapi?

Nilikaa nikaitazama ile picha mpaka kahawa yangu ikapoa. Miaka sita nimekuwa nikipasha hewa joto. Yeye anaikamua maji. Ni sahihi, nilijua hapo hapo, na nilisikia kitu kama msiba.

Nilimweka wa tisa kwenye orodha. Nikaenda kunywa maji. Nikarudi, nikamweka wa kwanza.


Jumanne, 30 Julai

Kafika. Saa kumi na nane kwenye basi, shati la mikono mifupi, anatetemeka. Wbeimar kamwazima poncho lake, lile vazi la sufu la kujitupia mabegani, limemfika magotini.

Watu wa pwani! Hapa mimi na mama yangu mzazi tunaitana kwa heshima zote. Yeye kaingia tu, "Nubia, habari yako," kama tumelala nyumba moja. Si Injinia, si bibie. Dokta naye kaitwa "kaka." Katibu muhtasi aliinamisha uso kwenye karatasi asionekane anacheka.

Kafunga karakana yake miezi miwili kwa ajili ya hili. Mafundi wenzake huko wanamwita Profesa kwa kejeli. Nilipomwonyesha Namba Saba niliitarajia dharau. Akaizunguka mara mbili, akapiga magoti, akaingiza mkono, akasema hii feni aliyeipanga anajua hewa inavyotembea. Anaiomba aitumie kwenye yake.

Nikamwambia nitafikiria. Kwa nini nilisema nitafikiria? Feni ni ya kampuni.

Baadaye Dokta alinipitia. Kasema mashine hii ikifaulu, matatizo yote ya mbele yataenda mtandaoni, na kitengo kitahitaji meza moja tu, ya kupokea mawazo. Hakusema meza ya nani. Wbeimar ana watoto watatu. Mimi nina mama na miaka arobaini na minne.


Ijumaa, 9 Agosti

Kuna kosa. Mungu wangu, kuna kosa, na ni langu.

Nafer kaniletea mchoro wa trei nitie saini. Trei ishirini, kila moja kilo saba na nusu. Nikazidisha. Kilo mia na hamsini — ndizo arroba kumi na mbili hasa, maana arroba moja ni kilo kumi na mbili na nusu. Sawa kabisa. Nikashika kalamu nitie saini.

Halafu nikaona. Yeye kapima kahawa inayoingia, mbichi, imejaa maji. Kwao oregano hupimwa hivyo, ikitoka shambani. Kwetu arroba ya kahawa ni arroba kavu. Siku zote. Ndivyo ghala linavyopokea, ndivyo mkulima anavyojisifu, hakuna anayelitamka neno "kavu" kwa sababu hakuna nyingine. Ili upate arroba kumi na mbili kavu, lazima uingize karibu kilo mia mbili na themanini. Mashine yake itakula nusu tu. Nusu!

Na mimi kwenye ukurasa wangu sikuandika kavu.

Nilitia saini.

Mkono ulitia saini, niseme hivyo. Nyumbani nilimuuliza mama, kama kwa utani, arroba ya kahawa ni ya namna gani. Alikulia shambani huko Neira. Aliniangalia kama nimeugua. "Kavu, mwanangu. Nani atapima maji?"

Jaribio mbele ya ushirika ni tarehe 27. Siku kumi na nane. Kabati la pili na kompresa ya pili vinawezekana kabisa kwa siku kumi na nane. Jumatatu namwambia.


Jumatatu, 12 Agosti

Sijamwambia. Alikuwa anachomelea, kavaa ile barakoa. Mtu huwezi kumwambia jambo kama hilo amevaa barakoa.


Alhamisi, 15 Agosti

Siku kumi na mbili.

Nafer kapokea kifurushi kutoka kwao, jibini nyeupe yenye chumvi kali, kaigawa karakana nzima. Kipande changu kaniletea mezani. Akakaa, bila kuombwa. Kasema ana miaka ishirini na sita kwenye ufundi, na huu ukurasa wetu ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza anafikiri nini. Watu humuuliza tu atamaliza lini.

Nikafungua mdomo. Kweli nilifungua. Wbeimar akaingia hapo hapo, ananiita pembeni, uso umemshuka: kamsikia Dokta kwenye simu akitaja majina yetu, nani abaki, nani apelekwe kwenye mauzo. La Wbeimar lilitajwa upande wa mauzo. Wbeimar, ambaye akiongea na mgeni anashika ukuta!

Nikarudi mezani. Nafer akauliza kuna habari mbaya? Nikasema hapana, mambo ya ofisi. Nikala jibini yake.

Naogopa. Sijui naogopa kipi zaidi, kusema au kutosema. Usingizi unakuja vizuri tu, na hilo nalo linanitisha.


Jumapili, 18 Agosti

Misa. Sikupokea komunyo. Mama aliona.


Alhamisi, 22 Agosti

Nimejaribu kwa kuzunguka. Nilimuuliza, Nafer, mashine yako inakula kiasi gani? Nilitaka ajikwae mwenyewe kwenye jibu, mimi nisimame tu pembeni nishangae naye.

Akacheka. "Kumi na mbili, si uliandika mwenyewe? Nubia, ule ukurasa wako nimeusoma mpaka mke wangu akauonea wivu." Akautoa mfukoni mwa suruali. Umechakaa kwenye mikunjo, umepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu, na neno "bila moshi" kalizungushia duara. Kila neno nililoandika kalichukulia kama kiapo.

Ilibaki nafasi ya sentensi moja. Nafer, ni kavu. Maneno matatu!

Nilimsifia uchomeleaji wake.

Siku tano. Hata nikisema leo, kabati la pili haliwezi kuisha. Angalau wangeahirisha jaribio, angalau asingeaibika mbele za watu. Najua. Nayajua yote.


Jumatatu, 26 Agosti

Imekamilika. Tuliijaribu na gunia moja la kahawa, siku mbili kamili. Nimeinusa mwenyewe, nimeinusa mara tano. Harufu ya kahawa, basi. Wbeimar kaionja, akasema, "Injinia, hii ni nzuri kuliko yetu." Na huyu ndiye wa kupelekwa mauzo.

Feni ni ya Namba Saba. Niliruhusu mwishoni, wiki iliyopita. Nilidhani nikitoa feni nitajisikia nafuu.

Kikao cha saa tisa. Dokta kaweka wazi. Kesho ushirika utapakia mashine kama mkulima anavyopakia. Ikimeza mzigo wote, wanaagiza mashine mia tatu. Ikikwama, hakuna muda wa kubahatisha, tunarudi kwa Namba Saba na kitengo chake. Akanitazama. "Kwa hiyo Injinia, wewe huna cha kupoteza."

Wenzangu walicheka. Nafer pia alicheka, akanipiga begani. Kanunua tai ya kuvaa kesho. Ya bluu, ina nanga ndogo ndogo.


Jumanne, 27 Agosti

Saa nne na dakika ishirini. Naandika ofisini, juu ya karakana. Wote wako chini.

Ushirika wamekuja saba, mbele yao Doña Aracelly, mwenyekiti, anayelima mwenyewe na ana sauti ya kufukuza ng'ombe. Lori limeshusha magunia. Kahawa iliyooshwa jana, inachuruzika maji sakafuni. Nafer akayatazama, akauliza kwa furaha, "Na hizi nyingine ni za kesho kutwa?"

Hakuna aliyecheka. Walidhani ni utani wa pwani.

Wakapakia. Trei ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini. Zikajaa. Magunia nusu nzima bado yako chini. Doña Aracelly akasema, "Fundi, fungua sehemu nyingine." Akajibiwa hakuna sehemu nyingine. Akasema lakini hizi ni arroba kumi na mbili. Nafer akasema hapana, mama, kumi na mbili ziko ndani, nimezipima. Akautoa ule ukurasa, akausoma kwa sauti, polepole. Tai imempanda shingoni.

Mmoja wao akasema, "Ni arroba kavu, bwana. Wewe umepima maji." Hapo wakacheka. Siyo kwa ubaya — lakini walicheka wote saba.

Dokta akanigeukia. "Injinia, ukurasa ni wako. Huyu bwana aliambiwa ni kavu au hakuambiwa?"

Nikasema ngoja nikaangalie kwenye barua zetu. Nikapanda huku. Hakuna barua. Ninajua hakuna barua. Nimefungua kompyuta nikafunga, nikafungua daftari hili.

Nasikia viatu kwenye ngazi.

Nafer kapanda. Kabisha hodi, mara ya kwanza tangu aje. Kasimama mlangoni na karatasi yake. Kasema, "Nubia, usihangaike kutafuta. Nimewaza pale chini. Mtu wa kahawa angejua, mimi ni mtu wa oregano. Ilinipasa niulize. Nashuka niwaambie nimekosea mimi, wasije wakakusumbua wewe na vijana wako. Wewe umenitendea vizuri sana."

Nikasema, "Asante."

Ndicho nilichosema! Asante! Akaitikia kwa kichwa, akageuka.

Namwona kupitia kioo. Kashamaliza ngazi, anaivuka karakana taratibu, anairekebisha ile tai. Kutoka hapa mpaka chini ni hatua thelathini, nikikimbia ni kumi na tano. Wbeimar kainua macho huku dirishani, ananitafuta. Dokta kageuka. Doña Aracelly kakunja mikono anamsubiri. Kafika mbele yao, kavuta pumzi, bado hajafungua mdomo — na mimi bado naandika