Hatua Aliyoisahau Mama

Buseresere, Chato
2 Juni 2025

Mpendwa dada Sesilia,

Shikamoo. Habari za huko Uswidi? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila Mama mgongo wake ni ule ule. Mimi roho haijatulia, ndiyo maana nimeandika barua na kuipiga picha badala ya kukupigia: hapa nyumbani Mama anasikia kila neno.

Wale wadudu wangu wa maabara, wasioonekana kwa macho, wameweza kuondoa zebaki kwenye maji ya marudio, yale mabaki ya mchanga ambao wachimbaji wameshaoshea dhahabu. Mfadhili akaahidi kujenga mtambo, mradi nipate hataza, mtu asitumie ugunduzi wangu bila ruhusa.

Kumbe hataza ya hapa inaishia mpakani. Wakili wangu wa Mwanza, Bwana Stanslaus, anasema Kenya, Ghana, Brazili, kila nchi ina yake, na nyingi hukataa kitu kilichotangazwa hadharani kabla ya kuombewa hataza.

Nilimwambia hakijatangazwa. Ndipo nikaiona video ya kanisani. Mama kasimama kutoa ushuhuda, anamshukuru Mungu kwa ajili yangu, na kueleza jinsi ninavyowakuza wadudu: tope la bwawa lipi, pumba kiasi gani, chungu kifunikwe vipi. Si unajua nikisafiri yeye ndiye huwalisha? Akamaliza, "Wabeja, Mulungu!" Vigelegele kanisa zima. Dada, nililia. Wakili anasema hata kama ni Kisukuma, na hata video ikifutwa, imeshatangazwa.

Bahati nzuri, hatua moja aliisahau, na bila hiyo wadudu hufa wote. Siiandiki hata hapa, usinune. Wakili anasema hiyo bado tunaweza kuiombea hataza, lakini karatasi zitakuwa tayari mwezi ujao.

Sasa jana Mama kanijia anacheka: ameikumbuka! Ameomba nafasi tena ibada ya mavuno, tarehe 22, amalizie, kwa kuwa anaona aibu kumpa Mungu shukrani nusu. Kitenge kimeshafuliwa. Nitamwambiaje kwamba shukrani yake ndiyo imeniumiza?

Wewe mkubwa, anakusikiliza. Mpigie, nakuomba. Ila usimwambie ameharibu.

Msalimie shemeji George na Loveness wetu. Baba mdogo Bujiku anawasalimu sana. Mungu awafunike huko mliko.

Mama kanikuta naandika. Anasema tarehe 22 uangalie ibada mtandaoni, atakutaja jina.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na hofu,
Violeth